DVD 50, baada ya miaka 6 zinasoma 39: CD tupu za kuaminika Mwanza ni zipi?

#1 Mwana Kirumba
Wakuu salaam. Kuna mzigo wa sauti na video za ngoma za Bagika na Bagalu (makundi ya ngoma ya Wasukuma), kwaya na harusi za zamani, jumla GB 180. Sehemu yake ilichomwa mwaka 2019 kwenye DVD-R 50 za kopo moja, zikawekwa kabatini. Wiki hii zimekaguliwa zote: 39 zinasoma hadi mwisho, 11 zinagoma. Ajabu yake, hizo 11 zote zinaanza vizuri. Folda zinafunguka, faili za mwanzo zinapiga, halafu kuanzia kama GB 3.8 draivu inaanza kukoroma. Mkwaruzo hakuna hata mmoja.

Dai langu ni hili: CD tupu zote zinazouzwa mjini siku hizi zinatoka kiwanda kimoja, jina la juu ni wino wa printa tu. Anayebisha aje. Na kama zipo za kuaminika, mtu anazitambuaje kabla ya kuchoma?

#2 Sato Mbichi
Kumbe bado kuna watu wanachoma CD? Nilijua zimebaki za kufukuzia ndege kwenye majaruba ya mpunga.

#3 Ngosha wa Igoma
Mleta uzi, dai lako lina ukweli nusu. Jina lililoandikwa juu halikwambii nani katengeneza. Kinachokwambia ni namba ya kiwanda iliyopigwa ndani ya disiki yenyewe. Weka disiki tupu kwenye draivu, fungua ImgBurn upande wa kuchoma, angalia maandishi ya kulia: kuna mstari wa Disc ID. Wa Linux watumie dvd+rw-mediainfo /dev/sr0, wasome mstari wa Media ID.

Ukiona MCC 03RG20 hiyo ni DVD-R ya Mitsubishi Chemical, ndiyo Verbatim yenye AZO, aina ya rangi ya ndani ambayo leza inachora data juu yake. MCC 004 ni ndugu yake wa DVD+R. TYG03 ni Taiyo Yuden ya Japani. CMC MAG. AM3 ni CMC Magnetics ya Taiwan, RITEKF1 ni Ritek, ya Taiwan vilevile. Hizi zote ni za kasi ya 16x.

Kwa CD za MB 700 namba inakuja kwa mtindo wa dakika: 97m24s01f ni Taiyo Yuden, 97m34s23f Mitsubishi, 97m26s66f CMC, 97m15s17f Ritek. Nunua moja kwanza, isome, ndipo ununue kopo zima. Usinunue kwa sura ya kopo.

#4 FundiLeza
Kabla hamjalaumu kiwanda, mleta uzi jibu swali moja: zilichomwa kwa kasi gani? Naweka dau ni 16x, kwa sababu programu nyingi zinaanza na "Max" na watu hawagusi.

DVD inaandikwa kutoka katikati kwenda ukingoni. Ukichagua 16x, draivu haianzi na 16x. Inaanza kwenye sita na kitu, inapanda taratibu, na inafika 16 kwenye ukingo wa nje tu. Yaani pale pale disiki inapoyumba zaidi na plastiki isiponyooka vizuri, ndipo leza ina muda mfupi kuliko kote wa kuchora alama. Alama zinatoka fupi au zinapishana. Siku ya kwanza zinasomeka kwa sababu DVD ina akiba kubwa ya kusahihisha makosa. Miaka ikipita rangi inafifia kidogo tu na akiba imeisha. GB 3.8 kwenda juu ni ukingo wa nje, hesabu inakubali kabisa.

Disiki ya 16x ichome kwa 8x. Tofauti ni dakika 3 tu hivi kwa disiki nzima. Ila msiende upande wa pili mkachoma kwa 2x mkidhani mnaibembeleza. Rangi za disiki za 16x zimetengenezwa kwa mpigo wa leza mkali na mfupi, ukiichemsha polepole matokeo yanakuwa mabaya pia.

#5 Kabati la Nyaraka
Kaka FundiLeza, hesabu yako nzuri lakini ukingo wa nje una maelezo mengine, na kwa mji wetu mimi naanza na hayo.

DVD si kipande kimoja. Ni sahani mbili za plastiki, kila moja milimita 0.6, zimebandikwa kwa gundi, na rangi pamoja na utando wa fedha vipo katikati. Unyevu hauingilii juu wala chini, unaingilia kwenye mshono wa pembeni. Gundi ikiwa haikufika mpaka mwisho, hewa yenye maji inapenya, utando wa fedha unapata kutu, na inaanza kuachana kama soli ya kiatu kilichoingia maji.

Mwongozo wa NIST wa Marekani wa mwaka 2003 unataka disiki zikae kwenye nyuzi 4 hadi 20 za Selsiasi na unyevu asilimia 20 hadi 50. Mwezi wa nne hapa, chumba kisicho na AC, hupati hata kimoja cha hivyo. Na nyumba nyingi za milimani ukuta wa nyuma umeegemea jiwe, jiwe linatoa jasho masika yote. Mleta uzi, kabati limeegemea ukuta upi? Na disiki zipo kwenye kava gani?

#6 Mzee wa Capri Point
Nimrekebishe kijana wa #3. Namba ya kiwanda inaweza kughushiwa. Miaka ya 2000 zilizagaa disiki zenye namba ya Taiyo Yuden ambazo Taiyo Yuden hakuzigusa. Isitoshe, Taiyo Yuden aliacha kutengeneza disiki mwishoni mwa 2015. Ukiuziwa leo kopo "jipya" lenye TYG03, ama ni la zamani sana, ama limetengenezwa na CMC kwa teknolojia yake, ama unapigwa.

Na Verbatim? Mitsubishi Chemical waliiuza kwa CMC Magnetics mwaka 2019. Moser Baer wa India naye alifilisiwa 2018. Kwa hiyo mleta uzi aliposema "kiwanda kimoja" amekosea kidogo sana: waliobaki wanahesabika kwa vidole, na wakubwa wawili wote wapo Taiwan.

#7 Ngosha wa Igoma
Mzee shikamoo, nimekubali kughushi kupo. Lakini CMC kuwa mwenye mali haimaanishi kila disiki ni sawa. Mashine zake zinatoa za daraja la juu na za daraja la bei chee. Hata Verbatim yenyewe ina kopo lenye neno AZO na kopo la "Life Series" lisilo na AZO, na ndani ni rangi nyingine kabisa. Ukienda Makoroboi tafuta neno AZO kwenye karatasi, kisha thibitisha MCC kwenye draivu. Vyote viwili, si kimoja.

#8 Sato Mbichi
Ngosha umemwamkia mzee halafu ukambishia papo hapo.

#9 Mwana Kirumba
Majibu kwa #3, #4 na #5:
Namba ni CMC MAG. AM3, zote 50.
Kasi ni 16x, FundiLeza umeshinda dau lako.
Kava ni zile laini za nailoni, zimepangwa kwa kulala, moja juu ya nyingine.
Kabati limeegemea ukuta wa upande wa jiwe. Dada umenipata.
Nyongeza: disiki 20 zilibandikwa stika ya karatasi yenye jina la kikundi cha ngoma. Kati ya 11 zilizogoma, 8 zina stika.

#10 Dagaa wa Anikwa
Stika! Mbona mnazunguka? Zenye stika 20 zimekufa 8, zisizo na stika 30 zimekufa 3. Karatasi inavuta unyevu upande mmoja, inakauka, inavuta tena, disiki inajikunja. Gundi ya stika nayo ikiwekwa pembeni kwa nusu milimita, disiki inayozunguka mara elfu kadhaa kwa dakika inatetema. Usijaribu kuibandua sasa. Kwenye DVD utaikunja, kwenye CD utaondoka na data yenyewe, kwa sababu data ya CD ipo chini ya rangi ya juu tu. Watu wanalinda upande wa kung'aa, kumbe kwenye CD upande wa maandishi ndio mwepesi kufa.

Andika kwa maka peni ya wino wa maji, tena kwenye duara la plastiki tupu la katikati karibu na tundu. Maka peni zenye harufu kali kama petroli usizikaribishe.

#11 FundiLeza
Dagaa, stika ingekuwa mwuaji peke yake, zingeyumba tangu siku ya kuchoma au mara tu baada ya kubandikwa. Tena 12 zenye stika ni nzima. Nakubali inachangia kutetema wakati wa kusoma. Sasa hapo unarudi kwenye hoja yangu: ukingo umeandikwa vibaya, stika inaumaliza.

#12 Kayabo
Wote mmeruka hatua ya kwanza. Nani kasema disiki zimekufa? Draivu moja kugoma si ushahidi. Kioo cha leza kikiwa na vumbi, au ule unga wa wadudu wa ziwani unaoingia kila upenyo wakati wa msimu wao, kinachotangulia kugoma ni ukingo wa nje wa disiki iliyoandikwa hafifu. Hizi draivu nyembamba za USB nazo zinapewa umeme mdogo: tundu la USB 2 linatoa miliampea 500 tu. Ukiweka waya mrefu au kigawanyio cha matundu, draivu inakosa nguvu.

Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, waya mfupi, ikiwezekana tundu la USB 3. Kisha jaribu draivu ya pili ya aina nyingine kabisa, ile kubwa ya kompyuta ya mezani ni bora. Ukishapata hesabu mpya ndipo tuendelee kufukua makaburi.

#13 Mwana Kirumba
Kayabo asante. Draivu ya mezani, LiteOn kuukuu: kati ya 11 zimesoma 5. Zimebaki 6, na kati ya hizo 4 zina stika.

#14 Kayabo
Unaona. Nusu ya wagonjwa walikuwa wazima.

#15 Ngosha wa Igoma
Hizo 5 zilizosoma zinakili leo leo, usizirudishe kabatini. Kusoma kwenye draivu moja na kugoma kwenye nyingine ndiyo dalili ya disiki iliyo njiani kuondoka.

Kwa hizo 6, usinakili kwa kuburuta faili. Ikikutana na kosa moja inaacha faili zima. Tumia ddrescue, programu ya Linux ya kuokoa data:

ddrescue -b 2048 -n /dev/sr0 ngoma.iso ngoma.map

Hiyo -n inaruka sehemu mbaya kwanza na kuchukua kilicho kizima. Ikimaliza, rudia bila -n na uongeze -r3. Kisha toa disiki, iweke kwenye draivu nyingine, endesha amri ile ile na faili lile lile la .map: inajaza mapengo tu. Kila draivu ina macho yake, moja inasoma pale mwenzake aliposhindwa.

Kwa Windows, dvdisaster inafanya kazi hiyo pia, inasoma na kukumbuka ilipoishia.

#16 Kabati la Nyaraka
Kabla hujaanza, fanya kipimo kisicho na gharama. Zima taa zote, washa balbu moja, shika disiki iliyogoma ikiwa imeinama kidogo, itazame ukingo kwa karibu huku ukiizungusha polepole. Kuna disiki utaona duara safi linaloizunguka yote: huo ni mpaka wa palipochomwa na pasipochomwa, ni kawaida. Unachotafuta ni umbo la mwezi mchanga, weupe kama povu la sabuni ulioanzia ukingoni upande mmoja na kuingia ndani. Duara ni la kuandika. Mwezi mchanga ni unyevu au gundi.

#17 Mwana Kirumba
Dada nimekaa na balbu saa nzima. Kati ya 6: mbili zina mwezi mchanga, upana kama wa ukucha wa kidole kidogo, moja umeingia kama milimita 5. Tatu sioni kitu zaidi ya duara. Ya sita ina madoa madogo kama pini, ukiielekeza kwenye balbu mwanga unapenya.

#18 Mzee wa Capri Point
Matundu ya pini ni ya kiwandani. Utando wa fedha ulimwagwa ukiwa na vumbi. Hiyo ilizaliwa mgonjwa, msimsingizie mtu.

#19 Dagaa wa Anikwa
Au ni kava za nailoni. Zile laini zenye harufu ya plastiki mpya zina mafuta ya kulainishia, yanahamia kwenye disiki ikilaliwa miaka. Kasha gumu, disiki isimame wima kama kitabu, isilaliwe.

#20 Mzee wa Capri Point
Mafuta yanatoboa fedha iliyo katikati ya sahani mbili za plastiki?

#21 Dagaa wa Anikwa
Sikusema hiyo ya sita mzee wangu. Nasema zile tatu.

#22 Nansio Mwisho wa Feri
Nimefuatilia kimya. Swali: rangi ya chini inasema chochote? Wauzaji wanasisitiza "chukua ya bluu, ndiyo orijino".

#23 FundiLeza
Kwa CD inasema kidogo. Bluu iliyokolea ni azo. Kijani au kijani-bluu ni sayanini, hiyo haipendi mwanga kabisa, ukiiacha dirishani inaharibika. Ile inayokaribia kukosa rangi, manjano ya mbali, ni fthalosayanini, na ikiwa na utando wa dhahabu badala ya fedha ndiyo inayosifiwa kudumu kuliko zote, maana dhahabu haishiki kutu. Kwa DVD sahau, karibu zote ni zambarau.

#24 Sato Mbichi
Mimi nauliza kama raia wa kawaida. GB 180 si anunue eksto mbili tu amalize?

#25 Kayabo
Anunue ndiyo, lakini eksto ikianguka mara moja kutoka mezani unapoteza 180 zote kwa mpigo. Disiki ikifa unapoteza GB 4. Na flashi usiitaje, chaji yake inavuja ikikaa kabatini bila kuchomekwa. Fanya nakala 3: eksto moja, disiki seti moja, ya tatu itoke nje ya jengo hilo. Nansio atakupokelea.

#26 Nansio Mwisho wa Feri
Nitapokea. Ada ni sangara mmoja kwa mwaka.

#27 Sato Mbichi
Unaishi Ukerewe unaomba sangara kutoka Mwanza?

#28 Mzee wa Capri Point
Turudi kwenye uzi. Mleta mada akiweza kuagiza, Blu-ray ya GB 25 inabeba halisi kama 23.3 kwa hesabu ya kompyuta, mzigo wote unaingia disiki 8. Achague ya kawaida isiyoandikwa LTH. Yenye LTH inatumia rangi ya kikaboni kama DVD, isiyo LTH inatumia madini, haififii kwa mwanga. Udhaifu wake ni kwamba data ipo milimita 0.1 tu chini ya uso, mkwaruzo mkubwa hausamehe. Na aagize mapema: Panasonic waliacha kutengeneza disiki hizo 2023, Sony wakafuata Februari 2025.

Kuna M-DISC pia, disiki zinazouzwa kwa sifa ya kudumu miaka mingi. Ya DVD inataka draivu yenye alama ya M-DISC kuchomea, lakini kusoma inasomwa na draivu yoyote ya DVD.

#29 Ngosha wa Igoma
Mzee, M-DISC za Blu-ray zina kesi. Tangu 2022 wachomaji wamekuwa wakikuta za Verbatim zenye namba VERBAT-IMe badala ya MILLEN-MR1 ya zamani, wanalalamika kwamba ni disiki ya kawaida kwenye kasha la bei ya juu. Kampuni inasema ni sawa tu. Kwa hiyo hata huko soma namba.

#30 FundiLeza
Akibaki kwenye DVD, hesabu ni hii. DVD ya "4.7" inabeba 4.37. Usiijaze. Jaza mpaka GB 4 kasoro, hapo umeacha kama milimita 2 za ukingo, ule ule mnaougombania hapa. Ndani ya hizo 4 weka 3.3 za data, zinazobaki dvdisaster ijaze sahihisho kwa mtindo wa RS03 kabla ya kuchoma. Sahihisho likiwa karibu asilimia 20 ya data, kipande cha disiki kikifa kinajengwa upya kutoka kwenye kilichobaki. Disiki zitakuwa 55. Ndiyo, ni nyingi.

Kuchoma: laptopu yenye betri iliyojaa, umeme ukikatika katikati disiki ni kisahani cha chai. 8x. Usifungue programu nyingine. Ikimaliza, itoe, irudishe, ndipo uhakiki, maana draivu nyingine inasoma kutoka kumbukumbu yake badala ya disiki. Kisha hakiki tena kwenye draivu ya pili.

#31 Kayabo
Na kwa kuwa ana LiteOn, apime makosa kabisa. Nero DiscSpeed, Disc Quality, kasi 8x. Kikomo cha PI Errors (PIE, makosa ya kusoma yanayohesabiwa kabla ya kusahihishwa) ni 280, cha PI Failures (yaliyoshinda sahihisho la kwanza) ni 4. Disiki mpya nzuri haikaribii hapo hata kidogo. Ikitoka na PIE 200 siku ya kwanza, itupe hata kama inasoma. Pima 3 za kila kopo siku ya kuchoma, zile zile 3 zipime kila mwaka, andika namba daftarini. Ukiona zinapanda, hamisha mzigo kabla haujafa.

#32 Nansio Mwisho wa Feri
Mchele ndani ya boksi la CD unasaidia unyevu?

#33 Kabati la Nyaraka
Mchele unaleta vumbi na fukusi. Okota vile vifuko vya silika vya maboksi ya viatu, viweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, na kipima unyevu kidogo ndani. Kikivuka 50, vikaushe au vibadilishe. Ukitoa disiki chumba cha AC, iache kwenye kasha nusu saa kabla ya kuifungua, isije ikatoa jasho.

#34 Mwana Kirumba
Mrejesho. ddrescue kwa draivu mbili: katika 6, tano zimetoka asilimia 100. Moja ya mwezi mchanga imekosa MB 212, yote kuanzia GB 4.0. Ile yenye matundu ya pini, ambayo mzee alisema ilizaliwa mgonjwa, imetoka nzima.

Sasa nimechukua moja kati ya zile 39 "nzima", haina stika, ilikuwa juu kabisa ya rundo, nikaipima kwa LiteOn kama #31 alivyosema. PIE imefika 900 kwenye GB 1.2, upande wa ndani. Ukingo wake ni safi.

#35 FundiLeza
GB 1.2? Tia picha ya mchoro.

#36 Dagaa wa Anikwa
Juu kabisa ya rundo. Mwanga wa dirisha unaifikia?

#37 Kabati la Nyaraka
Usiitoe kwenye draivu. Inakili sasa hivi.